Uhamisho kwa Manufaa ya Taifa

Nchi hii ipo, ila usiitafute kwenye ramani. Wachora ramani walipofika mpakani walikuta watu wakibishana kuhusu mpira wa kikapu, wakaona haya kuwakatiza, wakapita zao. Ni nchi yenye amani kubwa. Ina rais mmoja, redio moja na timu mbili.

Timu zenyewe ni Siafu, wanaovaa jezi nyeusi, na Nyigu, wanaovaa za njano. Zamani zilikuwa timu tu, za watu wazima kukimbizana jioni na kuumia viwiko. Kisha Mtukufu Rais, ambaye pia ni Mlezi wa Michezo na Mwamuzi wa Mwisho wa Jambo Lolote, akagundua kitu. Wiki ya mechi ya Siafu na Nyigu hakuna mwananchi aliyeuliza kwa nini mabomba hayatoi maji. Wiki isiyo na mechi, waliuliza. Rais si mtu wa kupuuza utafiti. Aliunda Wizara ya Upinzani, akaikabidhi timu zote mbili, na akatangaza kwamba huo ndio upinzani pekee unaotambuliwa na sheria. Wapinzani wa aina nyingine walikuwa wameshaondoka wenyewe, baadhi yao kwa ndege, na wengine kwa njia ambazo uchunguzi wake unaendelea vizuri.

Nchi ikagawanywa kwa ustadi. Soko lina mlango mweusi na mlango wa njano. Shule hivyo hivyo, zahanati hivyo hivyo. Ukifika mlangoni unaonyesha jezi yako, na mtoto anafuata jezi ya baba yake. Hakuna karatasi wala mihuri, maana Wizara haipendi kusumbua wananchi.

Sasa, Siafu walikuwa na mchezaji mmoja anaitwa Lugendo Masimba. Alikuwa mrefu kiasi cha kuingia nyumbani kwake kwa kuinama, na mkewe Siwema alizoea kusema hiyo ndiyo adabu pekee aliyokuwa nayo. Chini ya kikapu, mpira uliogonga ubao na kurudi ulikuwa wake, na hapakuwa na ubishi. Kwa sababu yake Siafu walishinda, wakashinda tena, wakaendelea kushinda mpaka wenyewe wakaanza kuchoka kufurahi.

Mashabiki wa Nyigu kwanza walitukana, baadaye wakalia, na mwisho wakanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikoitisha Wizara. Siku moja mzee mmoja wa jezi ya njano, kinyozi akiwa amemfikia kisogoni, aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa kama lile bwawa lililoahidiwa limekamilika. Kinyozi alifunga duka kwa hofu, mzee akaenda nyumbani na nusu ya nywele.

Kesho yake mchana, Lugendo akiwa mezani na tonge mkononi, redio ikasema: "Kwa manufaa ya taifa, mchezaji Lugendo Masimba amehamishiwa Nyigu. Uhamisho unaanza sasa."

Siwema alimtazama mumewe. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Si ungesema hukusikia!"

Siwema hakuwa akitania. Kuna mchezaji wa Nyigu, Zuberi Nanyaro, aliyewahi kuhamishwa akiwa amelala na pamba masikioni. Kesi ilipofika barazani, waheshimiwa wakaamua kwamba uhamisho usiosikika si uhamisho. Tangu siku hiyo Wizara ilifunga vipaza sauti kwenye kila nguzo, hata nguzo ambazo umeme wa taa haujawahi kuzifikia, ili pasiwe na raia wa kujitetea kwa uziwi.

Basi Lugendo akahama. Kama ilivyo desturi, alisimama kwenye mduara wa kati, mbele ya umati, akaitukana timu aliyoitoka. Matusi yaliandaliwa na Afisa Matusi wa Wizara, mtu mpole mwenye miwani, aliyekuwa akimnong'oneza nyuma ya bega: "Sema wanadunda mpira kama wanatwanga kisamvu." Lugendo akasema. Watu aliokula nao tangu ujana wake walimzomea mpaka akaona aibu ya kweli, na kinyozi, ambaye ukutani mwake palikuwa na picha ya Lugendo akiwa na jezi nyeusi, akanunua rangi ya njano.

Nyigu wakaanza kushinda. Nchi ikachangamka, mashabiki wa Siafu wakachoma matairi, Wizara ikajipongeza. Lakini ushindi ulipozidi, Siafu nao wakanyamaza, na mama mmoja sokoni akasikika akiuliza habari za daraja. Mchana wake redio ikamrudisha Lugendo Siafu. Afisa Matusi akamnong'oneza yale yale ya kisamvu, kwa kuwa bajeti ya matusi mapya ilikuwa haijapitishwa. Kinyozi akanunua rangi nyeusi. Msimu wa mvua ulipokaribia, picha ya ukutani ilikuwa na rangi nene hata pua ya Lugendo ilitokeza nje, na wateja wakawa wanatundika kofia hapo.

Kufika hapo Lugendo alikuwa bado anacheka. Aliacha kucheka mtoto alipougua.

Mtoto alikuwa wa kike, hajaanza kutembea, na aliitwa Mashavu kwa sababu iliyoonekana na kila aliyembeba. Mabomba yakiwa makavu, Siwema alichemsha maji ya dimbwi la nyuma ya uwanja, na kuni zilipokwisha akachemsha kidogo tu. Mashavu akaanza kuharisha, kisha akashikwa na homa. Asubuhi moja Siwema alimwona mtoto amelala macho nusu wazi, na yale mashavu yamelegea. Alimfunga mgongoni, akaenda zahanati, akapanga foleni mlango mweusi.

Foleni ya zahanati huanza alfajiri na hufika mlangoni mchana, saa ile ile ya taarifa ya uhamisho. Siwema alikuwa amebakiza mtu mmoja mbele yake kipaza sauti kilipolia na kumpeleka Lugendo Nyigu.

Nesi wa milango yote miwili, Anjela Mkude, alikuwa shabiki wa Lugendo wa rangi zote. "Dada yangu," akasema, "huyu sasa ni wa mlango wa pili."

"Nesi, mtoto haoni vizuri. Mtazame tu."

"Namwona. Nenda haraka mlango wa njano, ila baba yake aje mwenyewe na jezi. Wanasema mwenye kuhamahama aonyeshe mwili."

Siwema alizunguka jengo. Nilisahau kusema kwamba milango yote miwili inaingia chumba kimoja, chenye kitanda kimoja na daktari mmoja, na mstari wa chaki sakafuni ambao daktari huuruka akienda na kurudi. Jirani yao mmoja wa jezi ya njano, aliyekuwa kwenye foleni, alijitolea kusema mtoto ni wake. Mlinzi akacheka sana. Mtoto wa Lugendo alijulikana nchi nzima. Picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya Wizara.

Lugendo alitoroka kambi ya timu. Alfajiri iliyofuata alikuwa mlango wa njano, jezi ya njano mwilini, Mashavu kifuani kwake. Mtoto alikuwa wa moto, na mwepesi kuliko juzi. Foleni ilisogea. Watu walimpisha, mmoja mmoja, hata wale aliowahi kuwatukana, lakini mlango wa njano huchelewa kufunguliwa, na hakuna aliyeweza kuisogeza saa. Alikuwa ameweka mguu mmoja kizingitini kipaza sauti kiliposema kwamba Lugendo Masimba, kwa manufaa ya taifa, amerudi Siafu.

"Nesi Anjela," akasema, "mguu wangu mmoja uko ndani."

Anjela alikuwa analia waziwazi. "Kaka, ukiingia na huo mwingine mimi nafukuzwa, na mtoto hatibiwi. Ningekuwa na uwezo ningempokea hapa hapa dirishani." Akampa chupa ndogo ya maji yenye chumvi na sukari, akiificha chini ya aproni kama mwizi. Mashavu alimeza kidogo, akayatapika yote.

Foleni ya mlango mweusi ingeanza upya alfajiri, basi Lugendo alimrudisha mtoto kwa Siwema, akaenda Wizarani kwa miguu. Waziri wa Upinzani, Mheshimiwa Pazi Lukindo, alimpokea kwa heshima zote. Viti vya wageni vilikuwa viwili, cheusi na cha njano, na kwa kuwa hakuna aliyejua taarifa ifuatayo ingesema nini, katibu alimshauri mgeni asimame.

"Ndugu Lugendo!" Waziri akasema. "Unajua wewe ni nani? Wewe si mtu. Mtu ni nini? Watu tunao wengi. Wewe ni jiwe la mizani ya taifa. Tukikuweka huku, kule kunapanda. Tukikuweka kule, huku kunapanda. Na taifa linalopanda pande zote mbili kwa zamu, hilo ndilo taifa linaloendelea."

"Mheshimiwa, mtoto wangu anaungua."

"Taifa zima linaungua, ndugu yangu, kwa moto wa ushindani!"

"Anaungua kwa homa, Mheshimiwa. Hanywi. Jana alikuwa analia, leo halii." Lugendo akapiga magoti, na hata hapo bado alikuwa anamzidi Waziri kimo. "Niweke popote. Njano, nyeusi, utakapo wewe. Niache tu upande mmoja mpaka apone."

Waziri aliguswa. Alitoa kitambaa, akafuta jicho moja. Akaeleza kwamba kumwacha mchezaji mahali pamoja ndiko kulikoleta lile swali la bwawa, na yeye hawezi kubeba dhambi ya namna hiyo mbele ya vizazi. Ila kesho yake, Jumamosi, Rais mwenyewe atakapokuja uwanjani, Wizara ingeleta suluhisho la kihistoria. Lugendo alitoka akiwa na matumaini kidogo, na hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye.

Jumamosi zahanati ilifungwa, kwa sababu siku ya mechi kuugua ni kukosa uzalendo. Siwema akafanya alichoweza: akambeba Mashavu, akaenda uwanjani, maana huko ndiko daktari alikokuwa. Daktari yule yule wa zahanati, Dokta Kasyupa, siku za mechi alikaa benchi la Siafu na sanduku lake la dawa. Nyigu nao walikuwa na tabibu wao, mwenye kopo la dawa ya kuchua.

Suluhisho la kihistoria lilianza robo ya pili. Waziri alisimama jukwaani kando ya Rais, akashika kipaza sauti, na kutangaza uhamisho mchezo ukiendelea. Mchezaji wa Siafu aliyekuwa anadunda kuelekea kikapu cha Nyigu alisikia jina lake, akasimama, akabadilisha jezi, akageuka na kudunda kurudi alikotoka. Zuberi Nanyaro aliruka akiwa Nyigu akatua akiwa Siafu, na kikapu alichofunga mpaka leo hakijulikani ni cha nani. Matusi ya kuaga yalifupishwa kuwa tusi moja ili kuokoa muda. Makocha nao wakabadilishana mabenchi, kila mmoja na taulo lake begani. Robo ya tatu ilipokwisha, wote waliokuwa Siafu walikuwa Nyigu na wote waliokuwa Nyigu walikuwa Siafu, ila Lugendo, aliyekwenda na kurudi mpaka akaishia kwenye jezi nyeusi, na wazee waliomchukia Zuberi kwa moyo safi tangu utoto wake walikaa wanalia, kwa kuwa sasa iliwapasa kumwimbia.

Wakati wa mapumziko Lugendo alimwona Siwema nyuma ya benchi, kwenye uzio. Hakuhitaji kuuliza kitu. Alimchukua mtoto juu ya uzio na kumpeleka kwa daktari.

Dokta Kasyupa alivuta ngozi ya tumbo la Mashavu kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama. "Maji yamemwishia mwilini," akasema kwa sauti ya chini. "Anataka dripu sasa hivi. Ninayo humu. Lakini dawa za sanduku hili ni za wachezaji, Lugendo. Wananitazama kutoka jukwaani."

Hapo Lugendo akakumbuka kidole gumba cha Shabo.

Shabo ni mpwa wa Waziri, bwana mnene aliyetamani kucheza japo mechi moja. Ili asisumbuliwe na mambo ya usajili, Wizara ilipitisha kanuni kwamba aliyevaa jezi na kukanyaga ndani ya mstari, kocha akiridhia, ni mchezaji. Shabo alivaa, akakanyaga, akajikwaa kwenye mstari wenyewe. Na kwa kuwa mchezaji ni mali ya taifa, kidole chake gumba kilitibiwa na daktari wa timu mwezi mzima, kwa mashuka meupe na maji ya matunda.

"Kocha," Lugendo akasema, "fanya badiliko."

Kocha Galawa, ambaye asubuhi alikuwa wa Nyigu na hakuwa na uhakika wa jioni, alimtazama Lugendo, akamtazama mtoto, akatazama ubao wa matokeo ambao haukuwa na maana tena. "Atoke nani?"

"Nitoke mimi."

Kocha akatupa taulo lake chini. "Mwamuzi! Badiliko!"

Lugendo alivua jezi yake nyeusi yenye jasho, akamvika binti yake. Ilimfunika yote, ikaburuta chini. Akamshika kwapani, akamshusha taratibu mpaka visigino vidogo vikagusa sakafu ndani ya mstari. Mwamuzi alitazama kitabu cha kanuni, akatazama visigino, akapuliza filimbi.

"Mchezaji ameumia!" Dokta Kasyupa akapiga kelele, akakimbia na sanduku.

Alimlaza pale pale, chini ya kikapu. Mshipa ulikataa mara ya kwanza, ukakataa tena, na Siwema aliuma kanga yake asipige ukelele. Mwishowe sindano ikaingia. Lugendo, kifua wazi, akasimama ameinua chupa ya dripu juu kwa mkono wake mrefu, na uwanja mzima ukawa kimya. Ulikuwa ukimya wa watu wanaomtazama mtoto wa mwenzao, weusi na wa njano pamoja, na ulifika mpaka jukwaani. Mtukufu Rais akakunja uso. Ukimya wa aina ile aliufahamu.

Waziri akarukia kipaza sauti. "Ndugu wananchi! Siafu wamepata mchezaji anayehurumiwa na kila mtu. Nyigu hawana. Mizani imepinda! Kwa hiyo, kwa manufaa ya—"

Daktari aliinua uso. "Akimaliza kusema natakiwa kuchomoa," akasema. "Dripu ni mali ya Siafu. Lugendo, nikichomoa sasa, huyu hafiki jioni."

Lugendo aligeukia jukwaa la njano, lile alilolitukana na kulisifu na kulitukana tena. Matusi yote ya Afisa yalimtoka kichwani. Alilia tu. "Nawaomba!" akasema. "Nawaombeni tusisikie!"

Zuberi Nanyaro, aliyewahi kuokolewa na pamba, ndiye aliyeelewa kwanza. Alifungua kinywa na kupiga ukelele usio na neno. Benchi lote likaitikia. Kisha jukwaa la njano likanyanyuka, jukwaa la weusi likanyanyuka, na kelele zote ambazo Wizara ilizilea kwa miaka, zile za kuzomea na kuchoma matairi, zikapandishwa kwa pamoja. Midomo ya Waziri ilikuwa inacheza. Hakikusikika kitu.

Lakini dripu haijui haraka. Tone, kisha tone. Waziri alisubiri wapumue, naye akaanza tena: "Kwa manu—" wakamzamisha. Alikuwa na subira, amekaa kitini, na mezani kwake palikuwa na jagi la maji baridi. Watu hawakuwa na jagi. Koo zikaanza kukauka. Upande wa njano ulififia, weusi wakabeba. Weusi wakafifia, njano wakabeba. Chupa ilikuwa bado nusu.

"Leteni maji!" mama mmoja wa njano akawaambia wenzake kwa sauti iliyokatika. "Nimekauka, leteni maji nipige kelele!"

Mtu akakimbilia bomba la nyuma ya jukwaa, akarudi mikono mitupu. Mama akainama juu ya uzio unaotenga rangi, uzio ambao hakuwahi kuusogelea ila kwa kutema mate. "Nyie weusi! Bomba lenu linatoa?"

"Halitoi!" mwanamume mmoja akajibu. "Tulidhani lenu ndilo linatoa!"

"Letu? Tuliambiwa yamekuja kwenu!"

Walitazamana. Waziri, alipoona kelele zimeshuka, akasimama na kuvuta pumzi. Na hapo ndipo, kutoka kwenye koo ambazo hazikuwa na kitu tena, ikatoka sauti moja, mbaya, ya kukwaruza, kutoka majukwaa yote mawili: "Maji! Maji! Maji!" Rais alisimama. Jagi la mezani likadondoka.

Lugendo hakugeuka kutazama. Mkono ulikuwa umekufa ganzi, akaushikilia kwa mkono wa pili. Alikuwa anapiga kelele pamoja nao huku macho yake yako juu, kwenye chupa, kwenye maji pekee yaliyokuwa yakitoka katika uwanja ule, tone kwa tone, na hayakuwa yamekwisha bado. Chini yake, ndani ya jezi nyeusi, Mashavu akakunja uso na kuanza kulia.